Siku Mpiga Kasia Aliponiuliza Walivukaje

Sasa nacheka, jamani, lakini mwaka ule nilizungukia mashambani wiki nzima ili nisikutane na mtu yeyote wa Ifakara.

Nilikuwa katibu wa tawi la chama. Katiba ilitaka sisi halmashauri, watu saba tuliochaguliwa na wanachama, tukutane kila mwezi kisha tuwasomee wenzetu tulichoamua. Masika ile hatukukutana hata mara moja. Wanachama wakachoka, wakaitisha mkutano, wakasema kama hatukufanya kazi wanatuondoa wote. Basi mimi (kiherehere changu!) asubuhi ile nikafungua kitabu nikaandika mkutano wa mwezi wa nne kana kwamba ulikuwapo: wote saba tumehudhuria, kila mtu na maoni yake, hata mwenyekiti nikamtungia sala ya kufungulia.

Nikasoma. Watu wakitikisa vichwa kukubali, nami nikanogewa, nikapandisha sauti. Ndipo akasimama Mzee Severini, mpiga kasia wa kivukoni.

“Katibu, mwanangu, naomba nieleweshwe. Watatu wenu wanakaa ng'ambo. Mwezi wa nne mto ulifurika, mtumbwi wangu niliufunga mwezi mzima. Walivukaje?”

Ningenyamaza tu! Nikajibu kwamba walivuka kwa miguu, penye maji madogo. (Mwezi wa nne, mto Kilombero, maji madogo. Na mimi nimezaliwa palepale.) Watu wakaangua kicheko, mama mmoja akauliza kama viboko waliwapisha. Nikamtazama mwenyekiti, mtu wa ng'ambo, aniokoe, naye akainuka polepole.

“Mimi sikuja,” akasema. “Hata sala hiyo siijui.”

Mikono ikanyooshwa, tukaondolewa wote saba. Mzee Severini akanisogelea, akasema kwa upole, “Ungesema mto uliwazuia, shahidi wenu ningekuwa mimi.” Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kumbe yalikuwa hayajaisha. Nani aandike yaliyopita mkutanoni siku ile? Wanachama wakanirudishia kitabu. Nikaandika kuondolewa kwangu, neno kwa neno, na yale maji madogo yangu nikayaweka. Nikawasomea, wakapitisha bila kusahihisha hata herufi moja. Tangu hapo nikishika kalamu, jambo ambalo halikufanyika naliandika hivyohivyo: halikufanyika.