Adelard na Pikapu Iliyosusa Mzigo

Mafundi wengi wa Tandika wakiletewa gari hukimbilia boneti. Adelard, fundi umeme wa magari, humkimbilia dereva. Humkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamwachia aseme yake yote hata kama ni porojo. Wenzake humtania kwamba kafungua gereji ya maungamo, eti kwa kuwa ni Mkatoliki wa Mbinga. Wacha watanie. Magari yanayowashinda wao huishia kwake.

Ndivyo ilivyofika pikapu ya Bi Badriya, mwenye duka la nazi Temeke. Pikapu hiyo hufuata nazi Kimbiji, na siku hizi ilikuwa na tabia ya kugoma kuwaka huko huko, mzigo ukiwa umeshapakiwa, mpaka isukumwe. Ikirudi mjini inawaka bila kubembelezwa. Imebadilishwa betri, imebadilishwa stata, wapi. Bi Badriya akaamua kwamba mgonjwa si gari, ni Benson, dereva wake, ambaye bila shaka anauza nazi njiani na kusingizia pikapu. Alikwisha kumwambia: huyu fundi asipoona kitu, niachie ufunguo uende zako.

"Haya, mdogo wangu, nieleze," Adelard alisema.

Benson alimtazama bosi wake kwanza. "Fundi, mie nikipakia haiwaki. Nikishusha, inawaka. Nikisemaga hivyo watu wananicheka."

"Gari lisilopenda mzigo," Bi Badriya alidakia. "Labda punda."

Adelard hakucheka. Aliuliza jambo ambalo hakuna fundi aliyeliuliza: huko kote ilikopelekwa, ilipelekwa na mzigo? Nani apeleke nazi gereji zikanuke grisi? Ilikuwa ikioshwa kwanza, ikaenda tupu, kama mtu anayejipaka marashi kabla ya kwenda hospitali. Adelard akaomba ipakiwe. Bi Badriya alinung'unika, lakini magunia yakaletwa kutoka dukani, yakapangwa mpaka pikapu ikalala nyuma. Benson akazungusha ufunguo. Kimya. Sijui kama kuna dereva mwingine aliyewahi kufurahi hivyo gari likigoma.

Adelard alitandika boksi chini, akaingia uvunguni. Hapo ndipo Bi Badriya alipoanza kuona joto ndani ya baibui lake, maana kuna kitu hakukisema. Nyuma ya taa ya nyuma alikuwa amefungisha swichi ya siri ya kukata umeme wa stata. Wenye magari wengi Dar wanazo, kwa ajili ya wezi. Yake aliifungisha kwa ajili ya Benson, asije akaitoa pikapu uani usiku kwa shughuli zake. Jioni anaizima, asubuhi anaiwasha, na hata mafundi hakuwaambia. Mficha uchi hazai, lakini mwambie hivyo mtu mwenye siri.

Adelard alitoka na vumbi mgongoni. Waya wa swichi ile ulikuwa umebanwa kati ya bodi na chesisi, umekatika ndani ya ganda lake. Bodi ikilemewa, ncha zinaachana. Mzigo ukishushwa, zinagusana tena. Alimtazama Bi Badriya, akamtazama Benson, akafuta mikono.

"Ni waya," alisema. "Mzigo unaubana. Kijana alikuwa anasema kweli."

Kuhusu swichi, hakutia neno. Alisubiri Benson ageuke kushusha magunia, ndipo akamsogelea mama na kusema kwa sauti ya chini: "Waya wa swichi naweza kuupitisha kwingine, au naweza kuutoa kabisa. Hilo ni lako, mama."

Amemsitiri. Bi Badriya alimpenda fundi yule papo hapo kama ndugu wa tumbo moja. Ingeweza kuishia pale, na hakuna ambaye angejua. Lakini aliona aibu kusitiriwa mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alikwisha kumwita mwongo.

"Benson," aliita, "njoo uone nilichokufungia."

Aliinama, akapeleka mkono nyuma ya taa, akamwonyesha swichi na kazi yake. Benson aliigusa swichi kwa kidole.

"Kumbe," alisema. "Nilikuwaga nakuona asubuhi umesimama hapo nyuma, mkono kwenye gari. Mie nilidhani unaniombea dua ya safari."

Machozi yalikuwa yamemfika Bi Badriya. Alimgeukia Adelard.

"Toa," alisema. "Toa wote."

Adelard akachukua plaizi, akarudi uvunguni.