Damu ya Mbwa Iliyolala Chini ya Kitanda

Jua bado halijapanda juu ya paa za nyasi za kijiji cha Lusangi, na Amisa Djafari amepiga magoti kwenye udongo, akitafuta mshipa kwenye mguu wa mbele wa mbwa. Jina la mbwa ni Kapita, yaani msimamizi, kwa sababu porini ndiye huwatangulia wenzake. Leo hajaribu hata kuuvuta mguu. Anahema mdomo wazi, na tumbo limemjaa maji.

"Damu si ulichukua juma lililopita?" anauliza mwenye mbwa, mwindaji Bulaimu. "Ukatuma habari moyo yake iko muzima. Sasa unataka ingine ya nini, binti?"

Amisa anajaza kichupa na kukifukia kwenye sanduku la barafu. Kisha, bila kuinua macho, anasema: "Ile ya kwanza niliiharibu mimi, baba."

Amisa, miaka 27, ni msaidizi kwenye kituo cha mifugo mjini Kasongo. Huzunguka vijiji kwa pikipiki, akichukua damu ya mbwa wa kuwinda wanaokohoa. Moyo wa mbwa ukielemewa na kutanuka, humwaga homoni fulani kwenye damu. Kadiri unavyoelemewa, ndivyo homoni inavyozidi. Mashine ndogo kituoni huisoma na kutoa namba. Namba ikiwa kubwa, mbwa apumzishwe, apewe dawa. Ikiwa ndogo, basi kikohozi huenda ni cha minyoo au mapafu.

Kwao Kasongo, katika nyumba ya Waislamu wa mjini, mbwa havuki kizingiti. Kila akirudi kazini, Amisa hunawa uani mara saba, moja kwa udongo, ndipo aingie. Anaishi kwa mama yake mdogo, Hidaya, muuza juisi ya tangawizi. Wateja wamezoea kumtania: "Dokta wa mbwa amefika, mufunike vikombe!" Naye hucheka nao.

"Nacheka kwa mdomo tu," anasema.

Juma lile la damu ya kwanza, pikipiki ilinasa kwenye matope, barafu ikayeyuka, na alipofika mjini kituo kilikuwa kimefungwa. Friji ya mama mdogo ilikuwa pale nyumbani, wateja wameizunguka.

"Niliona haya. Ningesema vipi? Mama, uniwekee damu ya mbwa hapa katikati ya juisi ya watu? Nikaificha chini ya kitanda."

Asubuhi aliinusa. "Nilifikiri ni kama nyama. Isiponuka, haijaharibika."

Dokta Gédéon, mkuu wake, alimwuliza damu imelala wapi. Amisa akajibu: "Kwenye baridi." Namba ikatoka ndogo. Akatuma habari Lusangi: Kapita aendelee kuwinda.

Siku chache baadaye Dokta aliwaeleza wasaidizi kwamba joto huila homoni hiyo kimyakimya. Damu hainuki, ila namba hushuka, na mbwa mgonjwa huonekana mzima.

"Nilikaa pale kama mutu aliyevuliwa nguo sokoni."

Watu walipotoka, alimwambia Dokta ukweli. Dokta hakupandisha sauti. "Nenda ukachukue ingine," alisema. "Na mwenye mbwa utamwambia wewe, si mimi."

Mama Hidaya alipoombwa barafu, alitaka kujua ya nini. Amisa akamweleza yote.

"Yaani damu ya mbwa ililala chini ya kitanda nyumbani kwangu, kwa kuwa uliogopa friji? Wee mutoto! Ungeifunga vizuri ndani ya bakuli, ningesema ni maini yangu ya kupika, nani angefunua?" Akampa barafu yote. Siku hiyo wateja walikunywa juisi ya vuguvugu.

Sasa, mbele ya Bulaimu, Amisa anarudia maneno yale yale. Mzee anamsikiliza mpaka mwisho.

"Juzi alianguka porini," anasema hatimaye. "Nikamuchapa fimbo. Nilisema ni uvivu tu, moyo si wamesema iko muzima?"

Anainama, anapitisha kiganja mgongoni mwa mbwa, polepole, mahali fimbo ilipopita. Amisa anafunga sanduku na kuondoka.

Alasiri, kituoni, mashine inatoa namba kubwa mara kadhaa kuliko ile ya kwanza. Kapita hatawinda tena. Hatapona, anasema Dokta, lakini vidonge vya kupunguza maji mwilini na vya kuusaidia moyo vinaweza kumpa siku za kupumua bila taabu. Anasema pia kwamba dereva yeyote wa pikipiki anaweza kuvipeleka.

Amisa amekataa. Kesho atavipeleka mwenyewe, na atarudi Lusangi kila mara mpaka ajue kama vimesaidia.

"Baba Bulaimu hakunitukana," anasema, akiweka vidonge kwenye mfuko. "Angenitukana, ningemwomba musamaha, nikaenda zangu. Sasa nitaanzia wapi? Labda nitaomba anishikie mbwa, nimpe dawa mbele ya macho yake."