Pombe ya Posa kwa Mtama wa Ndege

Mimi ni mlokole. Pombe sinywi tangu nilipobatizwa kwenye kambi ya wakimbizi nikiwa msichana. Naanza na hilo ili anayesoma ajue mapema kwamba hakukuwa na sababu ya maana ya kunipa mimi kazi ya kutengeneza pombe ya posa ya mdogo wangu. Sababu ilikuwa moja tu: katika ukoo wetu, huku Amerika, ni mimi peke yangu niliyewahi kumwona mama akitengeneza. Kuona tu. Hata kuni nilikuwa nazileta kwa kuchelewa.

Mdogo wangu anaishi Louisville, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo. Alimpenda msichana wa Buffalo, wa kwetu kabisa, Mrundi aliyekulia Tanzania kambini kama sisi. Baba wa msichana ni shemasi. Mdogo wangu alipompigia simu kuuliza mambo ya posa, yule shemasi alikuwa mpole kweli. Ng'ombe? Hapana, Buffalo utamfunga wapi. Mahari wakubwa watazungumza. Ila kitu kimoja.

"Pombe ya ndizi," akasema. "Iliyotengenezwa kwa mikono. Si ya chupa."

"Kwani baba, nyinyi mnakunywa?"

"Mimi? Bwana asifiwe, sinywi. Lakini mama yangu yupo."

Huyo mama yake, yaani bibi wa msichana, alikuwa ameokoka pia, lakini kwa maelezo ya shemasi mwenyewe wokovu wake ulikuwa bado haujafika kwenye pombe. Na neno la mwisho lilikuwa lake. Alishamrudisha kijana mmoja aliyekuja kuposa na katoni za bia za dukani. Alimwambia aende akaoe huko huko dukani.

"Dada," mdogo wangu akaniambia, "nisipompata huyu sioi tena."

"Usiseme hivyo. Wasichana wapo."

"Dada. Pombe."

Nikakubali. Halafu nikakaa kitandani kwangu, Reynoldsburg, mashariki ya Columbus, nikajiuliza nimekubali nini. Maana lazima niseme ukweli: hata ile pombe ya mama haikuwa yenyewe. Kambini mtama ulikuwa haupatikani, akatumia unga wa njano wa mgao, na ndizi alizobadilishana na wanakijiji zilikuwa za kupika. Kwa hiyo nilikuwa naenda kuiga kitu ambacho nacho kilikuwa cha kuiga. Nilimweleza mume wangu wasiwasi huu wote. Akasema, "Basi hakuna atakayejua." Mume wangu hulala vizuri sana.

Nikaanza na ndizi. Za dukani hapa zinamfaa mtoto wa shule, pombe haziifai. Ukizikamua hazitoi maji, zinatoa uji. Niliziacha mpaka zikawa nyeusi, binti yangu akakataa kuingia jikoni. Na kukamua kunataka majani, yale marefu makavu, unazikanda nayo mpaka maji yajitenge. Majani ya uani kwetu mwenye nyumba huyapiga dawa. Lakini mbele ya kliniki ya meno, ng'ambo ya barabara, wamepanda majani marefu ya pambo, yamekauka vizuri na hayamsaidii mtu. Niliogopa kuyakata bila ruhusa, nikaingia ndani kuomba.

Dada wa mapokezi akaniuliza kama nina miadi. Nikasema hapana, nataka majani. Akaniuliza kama nafuga sungura. Hapo nilifikiri kidogo, kwa sababu kusema ndiyo kungerahisisha mambo, lakini nikasema hapana, ni ya posa. Akamwita mwenzake. Mwishowe daktari mwenyewe akatoka na glavu zake mkononi, akasema chukua unayotaka. Akanipa na mswaki wa bure.

Ukabaki mtama. Maduka ya Waafrika yana unga wa mtama, lakini unga hauoti, na pombe inataka mtama ulioota, ukakaushwa, ukakaangwa, ukasagwa. Siku hiyo mdogo wangu akanipigia simu kutoka kazini, anapiga kelele.

"Dada, nimeuona mtama! Mwekundu, punje nzima nzima! Umejaa huku, wanakula ndege."

"Ndege gani?"

"Ndege tu, dada. Wazungu wanawawekea nje, kwenye vibanda."

"Na binadamu anaweza kuula?"

"Ndege ni mdogo kuliko wewe. Kama haujamuua yeye, wewe utakufanya nini?"

Nikaenda duka la vitu vya bustani, nikaikuta mifuko ya kila aina. Kiingereza nasoma, lakini polepole, na nyuma yangu alikuwepo mtu na toroli lake anapumua. Nikachagua mfuko wenye mtama mwingi, mwekundu, unang'aa kama umepakwa mafuta. Juu yake palikuwa na picha ya kindi ameshika mdomo kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, tazama, hata kindi anaupenda.

Niseme kabisa hapa, msomaji asihangaike kama nilivyohangaika mimi. Yule kindi alikuwa analia. Mtama ule umepakwa pilipili makusudi, ili kindi wasiibe chakula cha ndege. Ndege hawaisikii pilipili, kindi wanaisikia. Yote hayo yaliandikwa chini ya picha kwa herufi ndogo.

Na dalili zilikuwepo, siwezi kusema sikuonywa. Nilipouosha, maji yalitoka mekundu, nikasema ni rangi ya mtama. Mikono ikaniwaka, nikayalaumu maboksi ninayobeba kazini. Siku ya kuukaanga, nyumba nzima tulikohoa, na mume wangu akatoka nje kwenye theluji na soksi tu.

"Huo mtama una nini?" akaniuliza kupitia dirishani.

"Mtama mzuri ndivyo ulivyo," nikamjibu. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Pombe ilipokaa siku zake kwenye ndoo, likaja swali la nani aonje. Mimi sinywi, mume wangu hanywi. Ikabidi tumsubiri mdogo wangu. Alipofika kutoka Louisville, pamoja na mzee ambaye angekuwa msemaji wetu, nikampa kikombe. Akanywa. Akafumba macho, machozi yakamtoka.

"Vipi?" nikauliza.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo sana, "ni kali."

Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Pombe kali! Si ndivyo watu wanavyosifia? Na yale machozi nilidhani amemkumbuka mama. Baadaye aliniapia kwamba alimaanisha pilipili, ila aliniona nimefurahi mno na gari lilikuwa linangoja. Simlaumu. Neno lilikuwa sahihi, mimi ndiye nililipokea vibaya. Mzee msemaji yeye hakuonja, alisema anatunza sauti.

Dumu la pombe tulilifunga mkanda kwenye kiti cha katikati, kifuniko nikakilegeza lisije likapasuka na gesi. Halikupasuka. Halikutoa hata povu, njia nzima limetulia kama mgeni. Nikaona hiyo nayo ni heshima. Mume wangu aliendesha, mzee akafanya mazoezi ya hotuba, na mdogo wangu alikuwa anaangalia nje kana kwamba Buffalo inaweza kuhamishwa kabla hatujafika.

Sebuleni kwa shemasi walikuwa wamepanga viti pande mbili, wao huku, sisi kule. Bibi alikaa katikati amejifunga shali, miguu haifiki chini. Mzee wetu akasimama.

"Tumevuka mito," akasema, "tumepanda milima, tumewaletea pombe ya shamba la babu yetu, ya ndizi zilizoivia juani..."

Wapo wanaoweza kusikiliza hotuba ya posa kama hotuba ya posa. Mimi nilikuwa naviona vibandiko vya duka kwenye ndizi.

"Aliyetengeneza ni nani?" bibi akamkatiza.

Nikasimama.

"Onja kwanza, tuone kama huanguki."

Desturi hii nilikuwa nimeisahau kabisa. Mleta pombe huonja mbele za watu, ijulikane kwamba haina sumu. Nikamtazama shemasi, mlokole mwenzangu. "Kuonja si kulewa, dada," akasema. Nikamtazama mume wangu, nikamkuta anasoma kalenda ya ukutani. Nikamtazama mdogo wangu, naye macho yake yalikuwa kwenye mlango wa chumba alimokuwa msichana. Nikashika mrija, nikavuta.

Kwanza niliisikia ndizi, halafu majani. Halafu moto. Ulianzia kwenye ulimi, ukapanda masikioni, ukashuka kifuani, na hapo hapo nikaelewa "kali" ya mdogo wangu ilikuwa kali gani. Nikikohoa watasema ni sumu, na posa imekufa. Sikukohoa. Nilimeza, nikasema, "Asante Yesu," kwa kuwa hakuna neno jingine lililokubali kutoka. Upande wao wote wakaitikia, "Amina."

Bibi akavuta. Akavuta tena, safari hii kwa muda.

"Kali," akasema.

Mzee wetu akaanza kutabasamu. Shemasi akainama. "Kali ya namna gani, mama?"

"Ya pilipili."

Mzee hakupoteza hata pumzi. "Ndivyo ilivyo kwetu, bibi! Ukoo wetu pombe ya posa tunaitia pilipili, ili ndoa ipate moto!"

"Ukoo wa mlima gani kule Burundi?"

Akautaja.

"Kwenye mlima huo nimezaliwa mimi," bibi akasema. "Ujinga huo sijawahi kuuona."

Mzee akakaa. Ningeweza kunyamaza, lakini alikuwa anaaibika kwa pilipili ambayo haikuwa yake. Nikasimama tena nikaeleza yote: ndizi za dukani, majani ya kliniki, chakula cha ndege, kindi. Nilieleza mpaka mswaki. Mdogo wangu alifunika uso kwa mikono miwili.

"Na haijachacha," bibi akasema nilipomaliza. "Imepigwa na baridi. Humu hamna pombe ya kumlevya hata nzi." Akamgeukia mwanawe. "Shemasi, kunywa, hutendi dhambi."

Shemasi akanywa. Akakohoa mpaka miwani ikadondoka, na nyuma yake mtu mmoja akashindwa kujizuia, kisha sebule nzima ikaangua kicheko, pamoja na chumbani, nyuma ya ule mlango. Bibi peke yake ndiye hakucheka. Alisubiri tumalize.

"Kijana simkatai," akasema. "Pombe naikataa. Ya harusi itatengenezwa hapa, jikoni kwangu, mimi nimekaa naona. Wewe wa kindi utakuja kunisaidia. Ikiharibika hiyo, hakuna harusi."

Kwa hiyo theluji ilipoisha nikachukua likizo, nikapanda basi kwenda Buffalo. Nilijua naenda kuona ile pombe yenyewe, ambayo hata mama hakuwa nayo, na niliogopa nitaishika vibaya na kumkosesha mdogo wangu mke. Bibi alikaa kwenye kiti cha jikoni, akanionyesha kwa kidole kabati la chini ya sinki. Nikafungua. Mlikuwa na madumu ya juisi ya matufaha, ya dukani, sukari ya kahawia, na hamira ya mkate.

"Bibi, ndizi ziko wapi?"

"Ndizi za wapi? Umeona mgomba Buffalo?"

"Na mtama?"

Akanisogezea boksi la nafaka za asubuhi, zile za kumwagia maziwa. "Zina kimea. Soma." Nikasoma boksi lote, pande zote. Kweli kilikuwemo.

"Lakini bibi, mlituambia ya ndizi."

"Mimi nilisema ya mikono. Ndizi aliziongeza mwanangu." Akaninyooshea mwiko. "Na wewe na huo mdomo wako wa kueleza, sikiliza. Ukilisema hili harusini, msichana nambakiza hapa."

Nilikoroga nikiwa na hasira kidogo, sitaficha. Lakini lazima nimpe haki yake: ya kwake ilichacha. Ilipanda povu, ikanguruma usiku kucha kama tumbo la mtu.

Harusini ndoo iliwekwa pembeni ya ukumbi na mirija yake. Katikati mdogo wangu alikuwa anacheza na mke wake, tai imemgeukia mgongoni. Mzee mmoja wa upande wao akavuta mrija, akafumba macho, akavuta tena.

"Hii ndiyo," akasema. "Miaka yote hii! Ndizi naisikia kabisa." Akanigeukia. "Mama, ndizi hizi mmezitoa wapi?"

Ng'ambo ya ndoo bibi aliacha kutafuna.

"Mzee," nikasema, "kila kitu kilichomo humo tumekipata hapa hapa Buffalo."

Na hiyo ilikuwa kweli tupu. Mzee akatikisa kichwa, macho yamemlowa.

"Mungu ni mwema," akasema. "Hata mgomba umekubali baridi."

Nikamshikia mrija, akaendelea kunywa.