Kijiti cha Papa

Kila nikiwasha kiberiti, ile harufu kali inanirudisha Bigo, kwenye meza yetu ya chakula.

Dhahabu ya Bambu ilipimwa kwenye mizani kwa vijiti vya kiberiti, na papa, baba yangu, aliyeichimba kwenye mashimo ya huko, alipiga hesabu ya nyumba hivyohivyo. Kila Jumapili kabla ya kuondoka alipanga mezani uzito wa dhahabu tuliohitaji kwa juma zima: vijiti viwili vya unga, kimoja cha chumvi na sabuni, kimoja cha minervali, ada yangu ya shule, kimoja cha kodi. Cha sita kilikuwa chakula chake mwenyewe kule shimoni.

“Sita inaenea,” alisema, yaani vinatutosha.

Kisha watu wa Bambu wakaanza kupita mbele ya nyumba yetu wakikimbia mapigano, magodoro kichwani. Mama aliwauliza wawili watatu kuhusu papa, ambaye hakuwa amerudi, halafu akaacha kuuliza. Hakuna aliyetuletea habari yoyote.

Asubuhi moja nilimkuta anapanga vijiti peke yake. Nikahesabu vitano.

“Mama, ya papa iko wapi?”

Kwenye mbabula, jiko letu la makaa, makala yalikuwa yanaanza kushika.

“Nimeisha washa nayo moto,” alisema. “Tano itaenea.”