Binti Yangu Alitaka Kichwa Kimoja

Mimi shule niliishia kidato cha pili, na hata hicho cha pili hatukuagana vizuri. Sasa mwaka jana binti yangu, anayesomea isimu chuo kikuu, akaja likizo hapa Tunduma na daftari la sentensi mia mbili za Kinamwanga, lugha yetu ya nyumbani.

"Baba, utafiti wangu ni wewe. Nisipoupeleka Jumatatu, narudia mwaka."

Akanieleza kwamba kila mtu ana sarufi kichwani. Kanuni chache tu, lakini zinazalisha sentensi zisizo na mwisho, hata ambazo hujawahi kuzisikia. Nikajishika kichwa. Humo mimi nilijua kuna bei za viatu vya mtumba, basi.

Kazi yangu ilikuwa kuweka tiki penye sentensi inayofaa, na kosa penye isiyofaa. Ya kwanza: jiwe lilimpikia shangazi ugali.

"Jiwe linapikaje, mwanangu?"

"Achana na jiwe, baba. Sentensi inafaa, haifai?"

Nikachanganyikiwa kabisa. Nikaogopa nitamfelisha mtoto. Kesho yake nikalibeba daftari sokoni, nikawaita Wanamwanga wenzangu, tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Jiwe lilipita. Dada mmoja wa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, akatucheka, "Ninyi wa Tunduma Kiswahili kimewamaliza! Lugha ya mama yenu mnaipigia kura?" Lakini mkono naye alinyoosha.

Jumamosi binti yangu akalipitia daftari.

"Hii umeweka tiki, na hii inayofanana nayo umeweka kosa. Kichwa gani hiki, baba?"

"Cha soko zima," nikasema, nikacheka mwenyewe.

Yeye hakucheka. Akakaa juu ya robota la viatu, macho yamejaa machozi. "Nilitaka chako."

"Changu hakijamaliza shule."

"Kwani Kinamwanga ulisomea wapi?"

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake.

Tukaanza upya palepale. Safari hii alisoma yeye, kwa sauti, harakaharaka, nisipate nafasi ya kufikiri. Inafaa. Inafaa. Haifai.

"Hiyo kwa nini haifai?"

"Sijui. Haifai tu."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Hapohapo baba, usihame."

Jumapili baada ya ibada tulimaliza zote, na jioni hiyohiyo akapanda basi na kazi yake. Nilijibu sentensi mia mbili bila kukwama, na hakuna hata moja niliyoweza kumweleza sababu yake.