Eda Niliyoikaa Bila Kujua

Kwa wakili nilikwenda mwenyewe, na nilikwenda kwa kiburi. Nalisema hili mwanzo kwa sababu majirani zangu wa Jang'ombe wanapenda kusimulia kwamba niliachwa ndipo nikakimbilia mahakamani. Si kweli. Mimi ndiye niliyetaka kuachika. Mume wangu alikuwa akifanya kazi hotelini Kiwengwa, anakuja Ijumaa, anaondoka Jumamosi, na kwa muda wa miezi minane hakuwa na neno na mimi ila kuuliza chumvi iko wapi. Nikaamua kuomba khului: nimrudishie mahari yake, anipe talaka yangu, kila mtu ashike njia yake.

Wakili alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Ofisi yake ilikuwa ghorofani Mji Mkongwe, juu ya duka la viungo, nami nilipanda ngazi zile nikipiga chafya. Aliniuliza maswali mengi ambayo niliyaona ya upuuzi. Mojawapo lilikuwa kama mume wangu amewahi kuniandikia talaka. Nikasema hajawahi. Akauliza kama nina uhakika. Nilichukia. Nilimjibu kwamba labda wasomi hawajui, lakini sisi wengine tukiachwa huwa tunajua.

Kilichokuwa kikiniuma mimi ni nyumba. Tulijenga pamoja, polepole, na kiwanja kiko kwa jina lake. Kuta zilikaa wazi miaka minne mpaka zikaota majani, sisi tukikaa nyumba ya kupanga, na paa lilipandishwa pale tu nilipouza bangili zangu zote za dhahabu. Chini ya paa lile ndipo nilipoweka cherehani yangu ya kushonea sare za skuli, na ndipo alipokuwa akilala binti yangu wa miaka tisa. Nilimwambia wakili: mahari nitarudisha, lakini chini ya paa langu sitoki. Akaandika, akamtumia mume wangu barua.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Wakili alinipigia simu niende, na nilipofika alifunga mlango kwanza. Akanisomea taratibu. Mume wangu alisema hakuna haja ya khului kwa sababu alikwisha kunipa talaka moja, miezi minane nyuma, na karatasi aliikabidhi kwa walii wangu, msimamizi wangu wa ndoa. Hakunirejea kuwa mke wake, eda ikapita, ile miezi mitatu ambayo mwanamke aliyeachwa hukaa ndani akingoja, na yeye hana mke. Kuhusu nyumba, alisema paa lilipandishwa baada ya talaka. Nilichotoa nilitoa nikijua si mke wake, kwa hiyo ilikuwa zawadi, na zawadi hairudishwi.

Nilicheka. Nilimwambia wakili huyu mtu muongo. Yeye hakucheka. Aliniuliza walii wangu nani. Baba yetu amekufa. Walii wangu ni kaka yangu mkubwa.

Sikwenda kwa kaka siku hiyo. Nilirudi nyumbani, nikakaa mbele ya cherehani, mambo yakaanza kujipanga yenyewe. Mume wangu alikuwa ameanza kulala ukumbini kwenye mkeka, akisema mgongo unamuuma na godoro linamzidishia. Mimi, mjinga wa watu, nilikuwa nikimpashia mafuta ya karafuu kila Ijumaa nikitaka kumkanda, naye akiniambia niyaweke pale pale mlangoni, atajipaka mwenyewe. Nilidhani ananionea huruma kwa kuwa nashinda nikishona. Kumbe alikuwa akichunga mkono wangu usimfikie, isije ikahesabiwa kwamba amenirejea kuwa mke wake. Nilikaa eda yangu yote bila kuijua, nikimpikia aliyeniacha.

Kesho yake nilikwenda. Wakili alikuwa amenionya nisigombane, nidai karatasi tu. Kaka yangu ni mtu anayeheshimiwa. Imamu wa msikiti wao akisafiri, yeye ndiye anayesalisha. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, nikamwambia nimekuja kuchukua karatasi yangu. Hakuuliza karatasi gani. Alikwenda kwenye kabati, akarudi nayo ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na cheti cha kifo cha baba.

Maelezo yake yalikuwa marefu. Mume wangu alimletea zikiwa zimebaki wiki mbili mdogo wetu wa kike aolewe. Watu wa Kizimkazi waliokuja kuposa ni watu wa heshima, wangesikia dada mtu kaachwa wangeanza kuulizana kuna nini kwenye nyumba ile. Akamwomba mume wangu wanyamaze mpaka harusi ipite. Mume wangu akakubali; kwa nini asikubali, alikuwa akila na kufuliwa bure. Harusi ikapita, Ramadhani ikaingia, na mtu hampi dada yake habari kama ile Ramadhani. Halafu akatuona tunaishi kwa amani, akasema labda Mungu atatupatanisha.

Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamuuliza habari ya sonara. Kwa sababu siku nilipouza bangili sikwenda peke yangu. Kaka ndiye aliyenipeleka, miezi minne baada ya harusi, akisema mwanamke akienda peke yake ataibiwa kwenye mizani. Alisimama pembeni yangu akiangalia kila bangili ikipimwa, akabishana na sonara kwa ajili yangu mpaka jasho likamtoka. Alijua ninakwenda kuezeka nyumba ya mwanamume asiyekuwa mume wangu, na karatasi iko kabatini kwake. Alipolisikia swali hilo aliinama akaanza kuokota vinyuzi kwenye mkeka. Ya mume nimeyasahau kidogo kidogo, lakini ile safari ya sonara mpaka leo hainitoki.

Kabla sijaondoka aliniomba kitu kimoja. Mbele ya kadhi niseme kwamba alinipa karatasi siku ile ile. Alisema sheria ni sheria, nyumba Mungu atanipa nyingine, lakini jina la familia likivunjika haliungiki. Nilimwambia nitafikiri. Nilikuwa sina cha kufikiri. Nilishindwa tu kumwambia kaka yangu hapana usoni.

Wakili alinieleza jambo kwa maneno mepesi ambayo hata binti yangu angeyaelewa. Kesi nzima imebaki kwenye swali moja: wakati wa kuuza bangili, nilijua nimeachwa au sikujua? Kama nilijua, nyumba imekwenda. Kama sikujua, nimedanganywa, na kadhi hawezi kulifumbia macho. Anayeweza kuthibitisha jibu ni mtu mmoja, kaka yangu, na mume wangu amemwita awe shahidi wake.

Watu walinishauri sana siku zile. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, waliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyeficha karatasi. Mimi bado nilikuwa na imani. Nilijiambia kaka yangu akishika msahafu hatasema uongo.

Alishika msahafu, akasema uongo. Alisimama na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi, akaulizwa karatasi alinipa lini, akajibu:

"Siku ile ile nilipoipokea. Nlimpa mkononi mwake, akasoma."

Kikulacho ki nguoni mwako, nimelisema neno hilo tangu utotoni na hata sikujua nasema nini.

Wakili wangu aliinuka. Nilitegemea atafoka, lakini aliuliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia. Alimuuliza kaka kama dada yake basi alikuwa kwenye eda wakati wa harusi. Kaka akasema ndiyo. Akamuuliza bibi harusi alipopelekwa Kizimkazi, nani aliyefuatana naye na kukaa naye siku saba. Kaka akasema ni mimi. Nani aliyechagua niende? Kaka akasema ni yeye, kwa kuwa mama yetu hayupo na mimi ndiye dada mkubwa.

"Yaani wewe, unayesalisha watu," wakili akasema, "ulijua dada yako yumo edani, na ukamtoa nyumbani kwake akalale Kizimkazi siku saba, na hina mikononi?"

Kadhi alivua miwani akamtazama. Kaka yangu aliangalia sakafu. Nilijua anachopima, maana namjua tangu tukiwa watoto: ama awe muongo, ama awe mtu aliyevunja eda ya dada yake kwa mkono wake, mbele ya kadhi na mbele ya watu wa msikitini kwake waliokuwa wamekaa nyuma. Mimi sikuwemo kwenye mizani ile.

"Sikumpa," akasema. "Hakuwa akijua."

Kadhi aliamua nibaki kwenye nyumba na binti yangu, na hisa yangu iandikwe. Wakili alinishika mkono akasema, "Hongera, dada." Nilimshukuru kwa moyo wote. Lakini nilipotoka nje sikujisikia kama mtu aliyeshinda chochote.

Kaka alikuwa akinisubiri kwenye ngazi. Nilidhani ataniomba radhi, na nakiri ningempa, palepale, kwa jinsi nilivyokuwa nimechoka. Alinitazama kama mimi ndiye niliyemkosea.

"Nilikusitiri," akasema. "Miezi minane nilikusitiri, na leo umenivua mbele za watu."

Mimi ni fundi. Maisha yangu yote nawashonea watu nguo za kuwasitiri. Nilimwambia, "Ulijisitiri wewe, kaka. Kwa nguo yangu. Mimi uliniacha uchi nyumbani kwa mwanamume asiyenihusu, nikimpashia mafuta."

Akageuka, akashuka ngazi. Nami nikasimama pale mpaka alipopotea uchochoroni, kwa sababu njia ya kwangu na ya kwake ni moja, na sikutaka kufuatana naye.