Nakala Aliyopata Ndugu Yangu

Mimi ni mweusi tii, na wanaoisifu rangi yangu hawajui kwamba nimeibeba maisha yote kama kitu nilichomnyang'anya mtu. Ndugu yangu wa pekee wa kiume, tumbo moja baba mmoja, alizaliwa bila rangi. Watu wakamwita zeruzeru, neno ambalo sijawahi kulipenda. Siku hizi wanasema mtu mwenye ualbino. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya thelathini, huku kwetu Nyamira, nami nilikuwa nimeanza tu kutumwa maji. Nilipoonyeshwa mtoto nilicheka, nikidhani wamempaka unga. Mama hakucheka.

Wenye midomo walisema yao. Wengine walidai mama alikuwa na mambo na mzungu wa misheni, na mzungu mwenyewe alikuwa mzee asiyeweza kupanda kilima chetu bila kushikwa mkono. Baba, mtu wa hasira za karibu, aliwatimua kwa fimbo. Lakini naye alikuwa na lake. Kwetu wimbi likivunwa likiwa na unyevu huanikwa kwenye uwanja uliosiribwa kwa mavi ya ng'ombe mpaka likauke na kukolea rangi, na baba aliamua kwamba mtoto ametoka kabla hajakolea. Dawa yake ni jua, basi. Kijana alipoweza kurusha jiwe, kazi ya kufukuza ndege shambani, iliyokuwa yangu, akapewa yeye. Mimi nikabaki jikoni na mama nikimenya ndizi, na nilifurahi, siwezi kudanganya.

Namwona bado juu ya ulingo, lile jukwaa la miti katikati ya wimbi, kichwa wazi, akipiga kelele ambazo ndege walizizoea mapema. Jioni mabega yalikuwa mekundu yenye malengelenge. Mama alimpaka samli huku akinung'unika, na baba alimkagua kwa makini akasema, "Inaanza kukubali." Alimaanisha rangi. Alimpenda mtoto yule kuliko sisi wasichana wote, ndiyo maana hakumwachia siku ya kivuli isipokuwa Sabato.

Mimi nilikuja kuwa mwalimu, na baadaye sana, vitabu vya biolojia viliponifikia, sura ile niliisoma nikiwa nimefunga mlango. Mwili hukua kwa seli kugawanyika, na kila seli kabla ya kugawanyika hunakili maagizo yake yote, yaani DNA, ambayo ni nyuzi mbili ndefu zilizosokotana, zenye maagizo yaliyoandikwa kwa herufi za kikemikali. Nyuzi huachanishwa, na kila mmoja huwa kielelezo cha kutengenezea mwenzake mpya. Humo humo mna wakaguzi wanaopita nyuma wakifuta kilichokosewa. Ni kazi safi, ila si safi kabisa. Kosa likiwaponyoka hunakiliwa nalo kama lilivyo, na likiwa katika mbegu ya uzazi, watoto hulirithi. Kosa la aina hiyo, katika agizo la rangi, lilikuwa limeshuka kwa baba na kwa mama vilevile. Kila mmoja wao alikuwa na nakala moja mbovu na moja nzima, na ile nzima ilitosha kuwafanya weusi. Ndugu yangu aliangukiwa na mbovu kutoka pande zote mbili. Mimi huenda ninayo moja, huenda sina, lakini nzima niliipata. Sikufanya lolote la kuistahili, na hapo ndipo panaponiuma.

Jua nalo lina yake. Miale yake hugandisha pamoja herufi mbili zilizo jirani kwenye uzi. Seli hukikata kipande kilichoharibika na kukijaza upya kwa kufuata uzi wa pili, na hufanya hivyo mchana kutwa katika ngozi yangu na yako. Rangi ndiyo kivuli cha ngozi hiyo. Ndugu yangu hakuwa na kivuli hicho, na uharibifu ukawazidi mafundi hao wa seli. Makosa yasiyorekebishwa yakanakiliwa, mengine yakaangukia maagizo yanayoizuia seli isizaliane ovyo.

Alipokuwa kijana, kidonda kilimtokea sikioni kikakataa kupona. Hospitalini mjini Kisii walilikata sikio nusu, na daktari akamwambia baba waziwazi kwamba ni jua. Katika lori la kurudi nyumbani kupitia Keroka watu walimsalimia baba, akawatazama kama watu asiowajua. Msimu uliofuata alipanda ulingo mwenyewe, mzee mzima na mvi zake, akarushia ndege mawe. Wanawake waliokuja kuvuna walicheka mpaka wakashika mbavu. Nyumbani hakuna aliyecheka.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa upande wa Ekerenyo, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana. Habari za nyuzi sikuwa nimezisoma, lakini nilijua damu ni yetu. Niliogopa kuzaa mtoto kama ndugu yangu, na kila nilipoogopa nilijiona namwambia yeye kwamba heri asingezaliwa. Kumbe yeye ndiye aliyenitembelea kuliko wote, amejifunga kitambaa kichwani, akinitania. "Dada, hili ni tumbo la mtoto au umemeza mtungi?" Nilicheka nikitazama pembeni, nisilione lile sikio.

Nilijifungua nyumbani, asubuhi. Mkunga alipomwinua mtoto sikuuliza kama ni msichana au mvulana. Nilitazama kucha na kingo za masikio, mahali rangi inapojitokeza mapema, nikaona weusi. "Asante Mungu," nikasema kwa sauti, huku nalia. "Asante, ni mweusi. Ni mweusi."

Ndugu yangu alikuwa amefika alfajiri na alikuwa akingoja nje, karibu na mlango. Aliporuhusiwa kuingia alisimama akamtazama mtoto kwa muda, kisha akamgusa kisigino kwa kidole.

"Ni mzuri, dada," alisema. "Afadhali."

Mkono wake mmoja ulikuwa nyuma ya mgongo muda wote, na alipogeuka kutoka nikaona alichoshika. Ilikuwa kofia aliyoisuka kwa nyuzi za mgomba, ndogo ya kumwenea mtoto mchanga, yenye ukingo mpana wa kufunika masikio.